Ile Firigisi ya Kwenye Kompyuta

Makadara, Nairobi
Septemba 1997

Kwako Ndugu Mhariri,

Salamu zikukute mzima, wewe na wote mnaoandika hapo gazetini. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa kwa jambo moja. Jumapili mliandika kwamba filamu fupi ya katuni ya mwanangu Kiilu, aliyoitengeneza peke yake kwa kompyuta, inachekesha na haimuumizi mtu. Huyo mtu ni mimi.

Kwa wale ambao hawakufika ukumbini: kuna mama mnene anapika kuku. Anaangalia huku, anaangalia kule, anakula firigisi. Kuku anasimama ndani ya sufuria bila manyoya, anamfukuza Jogoo Road nzima akidai firigisi yake, mpaka kotini. Watu walicheka wakapanguza machozi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mliandika kwamba huyo mama ni wa kubuni. Ndugu Mhariri, ana pengo langu. Ana kitambaa changu cha kijani. Anatembea ameshika kiuno, na mimi nimeshika kiuno tangu nimzae huyo Kiilu. Siku hizi naitwa Mama Firigisi, na muuza kuku ananiuliza kama nataka kuku mzima ama nataka kile kitu peke yake.

2. Binti yangu Wanza anachumbiwa na Patrobas, kijana wa watu wa Kakamega, na wazee wao wanakuja kwetu Jumamosi kuzungumza. Sisi Wakamba kuku tunakula tu. Lakini kwao firigisi, wanaiita imondo, ni ya mzee mwenye heshima yake. Mwanamke akiila ni kama amemvua mzee kofia akaivaa yeye. Sasa Mzee Masinde, babake Patrobas, atakubalije kuchukua msichana aliyelelewa na mla imondo? Na mimi nilikuwa naonja chumvi tu. Mpishi anayeonja chumvi si mwizi.

3. Nina vidole vinne. Kiilu anasema watu wote wa katuni wana vinne, inapunguza kazi. Juzi jirani yangu Mama Odero alinishika mkono kwa muda mrefu, nikadhani ni upendo, kumbe anahesabu. Wakwe wakisikia watauliza kama ni ugonjwa wa ukoo.

4. Hakimu ni jogoo. Kesi ya kuku inaamuliwa na jogoo, na mimi nikafungwa bila kuulizwa neno. Hata mwizi aliyeshikwa na mali mkononi huulizwa neno.

Kwa hivyo naomba kwa heshima mwandike kwamba yule mama ni mtu mwingine, wa Kariobangi. Ikishindikana, mwamuruni Kiilu airekebishe kabla ya Jumamosi. Kama mashine ilinilisha firigisi, mashine hiyo hiyo inaweza kunitapisha, niioshe, niiweke kwa sahani, nimpelekee Mzee Masinde nikiwa nimepiga magoti. Kiilu anasema kazi hiyo ni ya miezi mitatu. Mimi ninavyojua, kutapika hakuchukui hata dakika.

Usidhani simpendi. Macho yake yaliiva kwa ile mashine, na ni mimi niliyekuwa nampelekea uji kule chuoni walikomwazima hiyo mashine. Hata wale watu wa kanisa waliojaa ukumbini niliwaalika mimi. Ningejua ningewaambia kuna mvua.

Nisalimie wachapishaji wote, na wanaobeba magazeti alfajiri, na mama yako kama Mungu bado amemweka. Mwambie mtoto akianza kujifunza kompyuta, yeye aanze kufunga mlango wa jikoni.

Ni mimi mama mwenye wasiwasi,
Mbinya Muthama (vidole kumi)

N.B. Barua ilichelewa kwa kukosa stempu, na wageni wakafika. Nilimwekea Mzee Masinde firigisi peke yake kwenye sahani. Akaitazama, akanitazama, akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. Kumbe Patrobas alikuwa amempeleka kuiona filamu mara mbili. Akaikata katikati, akanipa nusu mbele ya wazee wote, akasema, "Kula, mama Wanza, kabla mwenyewe hajasimama kwa sufuria." Mazungumzo yalikwisha vizuri kabla ya chai. Basi usichapishe neno langu hata moja. Chapisha tu filamu itaonyeshwa tena lini, kwa maana mzee anataka kumleta mama Patrobas, na mimi nimeshawaahidi viti vya mbele, karibu na mwenye filamu, yaani mimi.