Makopo Ishirini ya Mkaratusi

Jumatatu, 3 Machi
Daktari anasema moyo wangu umechoka. Hata mimi. Binti yangu anataka mkaratusi ukatwe kabla haujaangukia paa. Mkaratusi alioupanda marehemu mke wangu! Nimekataa, mpaka nipate mche wa damu yake. Hii ni wiki ya tano: vijiti ishirini vya matawi ya juu, makopo ishirini dirishani. Shemeji, kaka wa marehemu, bwana misitu mstaafu, aliuliza kama nafuga kuni. Ati tawi la mti mzee halishiki mizizi. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Vyote vimeoza. Hata nilichokipaka asali! Nikajikongoja hadi kitalu cha barabarani, nikipumzika mara nne, nikaleta mche wa mbegu. Nimeupanda kwenye kopo la saba. Mimi, mwalimu wa sayansi! Mungu anisamehe. Lakini umekaa vizuri.

Alhamisi, 6 Machi
Binti ameuona. Akalia, akanibusu kipara. Kisha akampigia simu mkata miti: aje Jumamosi, mrithi kapatikana. Laiti ningemeza ulimi! Uongo wangu ndio shoka.

Ijumaa, 7 Machi
Siwezi kuingia kaburini na kopo la saba. Nimewaita Binti na Shemeji kitandani, nikaungama. Binti akasema ningemwambia tu kwamba namkumbuka Mama. Shemeji alicheka mpaka akatafuta leso. Kumbe alijua tangu alipouona jana. Majani ya mche ni ya mviringo, ya mkaratusi mchanga. Tawi la mti mzee lingetoa majani marefu kama mundu. "Shemeji, umeleta kitoto ukasema ni pacha wa bibi!" Halafu akanishika mkono, akanieleza. Mti ukatwe, kisiki kitachipua, na machipukizi hayo machanga hushika mizizi. Damu ileile. Nimeshusha pumzi niliyoizuia tangu msiba.

Alhamisi, 12 Juni
Bado nipo! Daktari anashangaa. Kisiki kimekuwa kichaka, mche wa kitalu umehamia uani, na machipukizi aliyopanda Shemeji yameshika kwenye makopo matano. Nimeugusa mzizi mmoja, mweupe kama uzi. Nimelia kidogo. Leo muuguzi aliyekuja kunipima presha aliuliza ni nani mwenye mkono huu wa kupanda. Shemeji alikuwa chooni. Nikasema ni mimi, tena kwa matawi ya juu kabisa. Siri ni asali. Kumbe kwao kuna mkaratusi mzee kuliko mimi! Nimemwambia alete matawi Jumatatu. Makopo kumi na matano yako tupu.