Vita vya Mzee Barua na Kamati ya Mbwa

Sogeeni, enyi mliokaa kwenye benchi langu mkingoja zamu, nanyi mpitao barabarani mkijifanya mna haraka! Zimeni redio, tieni simu mifukoni, kwa maana nakunjua habari kubwa kuliko zote zilizopata kutokea katika mtaa huu: habari ya shujaa mmoja aliyekwenda bila jeshi wala ngao, akiwa na suruali moja tu ya heshima, kumdai mbwa mzee mikononi mwa kamati. Mimi ni kinyozi wake. Nimekishika kichwa chake miaka mingi, na katika vita hivyo nilikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa cheo cha mdhamini wa kwanza. Atakayesema nimetia chumvi, ajue nimeitia kwa kipimo.

Jina lake la vita ni Mzee Barua, Mtembezi wa Njia Zote, Mjuzi wa Milango, mpeleka barua aliyestaafu kwa sifa njema na magoti mabovu. Tangu ujana wake mpaka mvi zilipomvamia, alizunguka mitaa hii na mkoba begani, jua likiwaka na mvua ikipiga, wala haikupotea barua mkononi mwake, hata zile ambazo wenyewe waliomba zipotee. Na adui wa mpeleka barua kila mtu anamjua. Miguu ya shujaa wetu ina makovu ya meno kuanzia kifundoni hadi gotini, na ukimpa kikombe cha chai atakueleza kila kovu na nyumba lilikotoka.

Lakini katika maadui hao wote hakuna aliyefikia ukali wa mmoja, mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala, mlinzi wa geti la bluu katika nyumba ya mwisho ya njia ile. Kila siku ya kazi mbwa yule alichomoka chini ya geti kama mshale, akamfukuza Mzee Barua hadi kona, akalidaka pindo la suruali, la mguu wa kushoto, siku zote la kushoto, akalitikisa mpaka roho yake ikaridhika. Kisha akaliachia na kurudi kwake mkia juu, akiwa ameikomboa nchi kwa mara nyingine. Hakumwuma hata siku moja. Mzee alimtukana matusi yote anayoruhusiwa mtu mzima, akamwita Bwana Mkubwa, na jioni mkewe akashona pindo huku akicheka.

Kisha Mzee akastaafu, na muda si muda mkewe akafariki. Hapa nitasema bila mbwembwe, maana hakuna mbwembwe zinazofaa. Mtu yule alikaa. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, akaacha kutoka nje. Binti yake alikuwa akipiga simu kutoka mbali, "Baba, daktari si alikwambia utembee? Tembea basi," naye akijibu, "Haya, mwanangu," kisha akiendelea kukaa. Ikawa namfuata kwake kumnyoa, kwa kuwa hakuja tena kwangu, na kila nilipokwenda niliikuta miguu ile imevimba zaidi. Niliogopa, nawaambieni. Niliogopa sana.

Basi siku moja, nikiwa nimempaka sabuni nusu ya uso, nikamtupia umbea ili tu kimya kiondoke. Nikasema wenye geti la bluu wamehama, na mbwa wao wamemwacha kwenye kituo cha mbwa waliookolewa.

Mzee akaushika mkono wangu, wembe ukiwa hewani. "Bwana Mkubwa yuko ndani?"

"Yuko ndani."

"Kafungwa?"

"Kafungwa, mzee wangu."

Akainuka, taulo shingoni, povu likimchuruzika kidevuni kama farasi wa vitani, akanena kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipotoka makaburini: "Nipe viatu vyangu."

Sasa ijueni ngome aliyoiendea. Kituo kile kilianzishwa na watu wenye huruma. Huruma yao ikakua, ikapata meza, na meza ikapata muhuri. Waliapa kwamba hakuna mbwa wao atakayekwenda kwenye nyumba mbaya, na kiapo wamekitimiza kikamilifu, kwa sababu hakuna aliyekwenda kwenye nyumba yoyote. Mwenye watoto alikataliwa kwa kuwa watoto wana kelele, na asiye na watoto kwa kuwa nyumba yake ni kimya mno. Mwenye kazi hatapata muda, na asiye na kazi atapata wapi chakula? Mbwa walioingia mle wakiwa wadogo wamezeeka humo humo, wakingoja familia isiyo na dosari, na nje ya ukuta wamesimama watu wa kawaida wenye mikate mikononi.

Juu ya kiti kirefu aliketi Mama Mwenyekiti, mwenye jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na nyingine ya kukatalia. Alitukaribisha kwa adabu nyingi.

"Mzee wangu, una uzoefu na mbwa?"

Shujaa akapandisha suruali mpaka gotini, akauweka mguu juu ya meza. "Jisomee mwenyewe, mama."

"Shusha mguu, tafadhali. Nauliza, umewahi kufuga?"

"Kufuga sijafuga. Nimefukuzwa."

Akaandika. "Na huyu Furaha unamfahamu?" Furaha ndilo jina walilompa Bwana Mkubwa, ingawa tangu aingie mle alikuwa amelala ameuelekezea ukuta uso wake.

"Namfahamu kuliko ndugu zangu," akasema Mzee. "Ndugu zangu hawajawahi kuningoja getini kila siku."

Mama Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Wewe mdhamini, mwombaji amewahi kumfokea mnyama?"

"Amewafokea wote wa mtaa ule, mama, nao wamemfokea. Hakuna anayemdai mwenzake." Nikapigwa teke chini ya meza na shujaa niliyekuja kumtetea.

Ndipo majaribu yalipoanza. Walimtuma Mkaguzi, kijana wa mashati yaliyonyooshwa, mwenye futi kiunoni kama upanga. Akaupima ukuta wa uani, akatikisa kichwa: mfupi, mbwa ataruka. Mzee Barua akamwita mwashi, ukuta ukapanda, nami nikabeba matofali mpaka mgongo ukalia. Mkaguzi akarudi, akautazama, akatikisa kichwa tena: mrefu mno, mbwa haoni nje, atapata huzuni. Tukatoboa tundu. Akarudi. Kwenye tundu hilo mbwa ataona paka, na paka watamkosesha utulivu. Mzee aliingia ndani, akatoka na kitambaa cha maua, akakining'iniza pale, na hivyo mtaa wetu ukawa na ukuta wa pekee duniani wenye pazia.

"Mbwa atalala wapi?" akauliza Mkaguzi, akiwa amekaa ukingoni mwa sofa.

"Atakapopenda."

"Jibu hilo halimo kwenye machaguo."

"Kijana wangu," akasema Mzee, "binti yangu nilikabidhiwa hospitalini, amefungwa kwenye shuka, ana kilo tatu. Nikaambiwa hongera, nikaonyeshwa mlango. Hakuna aliyekuja kunipimia ukuta."

"Hospitali wana utaratibu wao." Kijana akafungua ukurasa mwingine, akakohoa kidogo. "Umri wako umekwenda, mzee. Ukifa, nani atamtunza mbwa?"

Nilitaka kumtoa nje kwa kola. Mzee akanizuia kwa jicho.

"Na mbwa akifa," akasema, "nani atanitunza mimi?"

Mkaguzi akaandika, na nilichungulia nikaona: *Anajibu swali kwa swali.*

Hata hivyo, enyi wasikilizaji, alipita. Alipita ukuta, akapita daktari wa wanyama, akapita mafunzo ya saikolojia ya mbwa aliyoyahudhuria kwa uaminifu huku akisinzia. Na kila alipokwenda alikwenda kwa miguu, na miguu ikaanza kupungua uvimbe, jambo ambalo mimi nililiona na sikulitamka, nikihofia kulitia nuksi. Likabaki lango moja tu, lililo kuu kuliko yote: Kikao cha Kukutana. Kanuni ilisema mbwa mwenyewe ampokee mwombaji kwa mwili uliotulia, kwa kinywa kilichofumbwa, na kwa mkia unaotikisika. Akishindwa, mwombaji amekataliwa, wala hana rufaa.

Tukaingia ukumbini. Kamati upande huu, sisi upande ule. Dada wa mabanda, yule anayewaogesha na kuwalisha, akaingia na mbwa kwenye kamba. Sikumtambua. Mbavu zilihesabika, kichwa kilining'inia, hata lile sikio lililokuwa likisimama lilikuwa limelala. Alitembea kama mtu aliyeitwa kwenye ofisi asiyoijua. Mzee Barua akasimama.

Mbwa akanusa hewa. Sikio likapanda.

Kisha ukumbi ukapasuka! Alibweka Bwana Mkubwa, akabweka tena, madirisha yakatikisika, kamba ikamponyoka dada wa watu, viti vikaanguka. Mkaguzi, simba wa mafuti, akapanda juu ya kiti kilichosalia. Na yule mbwa mzee akavuka uwanja wa mapambano akalidaka pindo la suruali, la mguu wa kushoto, akalitikisa kwa ghadhabu ya miaka yote aliyokosa kufanya hivyo. Na Mzee Barua alisimama wima kama nguzo, machozi yanamtoka, anafoka: "Mshenzi wewe! Mwizi wa mapindo! Nani alikwambia ukonde? Nauliza, Bwana Mkubwa, nani alikwambia ukonde?"

Mama Mwenyekiti akabadilisha miwani. "Shambulio," akatamka.

"Mama," akasema dada wa mabanda, "huyu tangu aletwe hajabweka. Hata kula namlisha kwa kumbembeleza. Leo ndiyo mara ya kwanza namsikia sauti."

"Kubweka si kigezo. Kigezo ni mkia."

Wote tukautazama mkia. Ulikuwa juu, umesimama kama bendera.

"Umesimama," akasema Mama Mwenyekiti, si kwa ubaya, nakiri, bali kwa masikitiko ya mtu anayeipenda kanuni. "Kanuni inasema utikisike." Akauinua muhuri, akaushusha, na neno AMEKATALIWA likakaa jekundu juu ya jina la shujaa. "Watenganisheni."

Basi wakajaribu. Walileta biskuti, mbwa akazitazama kwa dharau. Wakaleta mpira, wakapuliza filimbi, wakasema naye kwa sauti laini ya mafunzo, wakammwagia maji kichwani. Hakuachia.

"Kwani huyu haachii kabisa?" akafoka Mkaguzi kutoka juu ya kiti.

"Alikuwa akiachia," Mzee akajibu taratibu, "kwa sababu alijua kesho nitapita. Leo hana hakika."

Dada wa mabanda akageuka akatazama dirishani. Kisha Mkaguzi, ambaye kimya humsumbua, akatoa shauri kwamba mwombaji avue suruali, aiache, aende.

Ndipo shujaa alipojinyoosha, akahutubia, na maneno yake nawapa kama yalivyotoka: "Mama Mwenyekiti, na wewe uliye juu ya kiti. Nimepandisha ukuta, nimetoboa ukuta, nimeuvalisha ukuta pazia. Nimeulizwa habari za kifo changu sebuleni kwangu, nikajibu kwa adabu. Mmesema hapana, na nyinyi ndio wenye muhuri, sibishani. Naenda zangu nyumbani. Lakini suruali hii ni yangu, pindo hili alilishona marehemu mke wangu, na siivui mbele ya kamati. Natoka nayo. Na kitakachokuwa kinaning'inia kwenye suruali yangu nikifika nje, hayo ni maamuzi yake mwenyewe."

Akaanza kutembea. Mguu wa kulia ulikwenda kama wa mtu huru, wa kushoto ukaburuta adui aliyekuwa akirudi kinyumenyume, ananguruma kwa raha. Wakavuka ukumbi, wakavuka baraza. Lango kuu lilikuwa wazi. Dada wa mabanda alikuwa amelifikia kabla yetu, na alikuwa akitafuta ufunguo kwa bidii katika mfuko usiokuwa nao.

"Mzee! Hairuhusiwi!" akapaza sauti Mama Mwenyekiti kutoka kwenye ngazi. Akafungua kitabu cha kanuni, akapekua mbele, akapekua nyuma. Walikuwa wameandika sheria za mwombaji anayemtaka mbwa, wala hawakuwahi kufikiria mbwa anayemtaka mwombaji. Muda wa chakula cha mchana ulikuwa umefika, na kamati nzima ilikuwa ikimtazama. "Basi aandikwe yuko nje kwa uangalizi wa muda!" akasema hatimaye. "Wa muda tu!" Muda wenyewe hakuutaja, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Tulipita barabara yote namna ile, shujaa mbele, mateka wake akiwa amemteka, nami nyuma nimebeba kofia. Watu walitoka madukani. Mafundi waliacha nyundo. Wengine walimcheka, na mimi niliwaacha wacheke, kwa kuwa walikuwa wakimcheka mtu aliyekuwa nje ya nyumba yake, kwenye jua.

Nyumbani Mzee akaketi kwenye kiti chake cha dirishani, na mbwa akajilaza miguuni, jino bado kwenye kitambaa. Tukakaa. Nilisikia njaa, lakini historia haikatizwi. Hatimaye Mzee akainama, akamwambia kwa upole, "Naenda jikoni kuchemsha maji. Narudi."

Bwana Mkubwa akamtazama kwa muda. Kisha akafungua mdomo, pindo likaanguka.

Basi yaandikeni haya, enyi mnaohesabu vita na falme, wala msiyachanganye na mambo madogo ya wafalme: Mzee Barua alikwenda jikoni, akachemsha maji, akarudi na vikombe viwili na bakuli, na alipotokea mlangoni palikuwa na aliyekuwa akimngoja.