Kemshafti ya Kumpandisha Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Juni

Mjukuu anaolewa Jumamosi. Ukumbi uko juu ya kilima. Nani atampeleka? Mimi nina gari lenye tabo, ile feni inayosukumia injini hewa. Shemeji, kaka wa mke wangu, daktari wa meno mstaafu, naye analo. Aina ileile, rangi ileile! (Aliniiga. Ushahidi ninao.) Mjukuu kaamua: Ijumaa tupandishe kilima, atakayetangulia getini ndiye atakayempeleka. Nikamwambia ajihesabu yumo garini mwangu. Akasema, sawa Babu, lakini gauni langu si la kusukumia gari.

Jumanne, 4 Juni

Dukani, pamoja na fundi. Injini inahitaji nguvu zaidi, kwa hiyo nachagua kemshafti mpya, yaani ule mhimili wenye vinundu unaofungua valvu, milango ya injini ya kuingizia hewa na kutolea moshi. (Nilimweleza mke wangu mara mbili akikata vitunguu. Alitokwa machozi. Somo limemwingia.) Ziko mbili: ya vinundu vidogo na ya vinundu vikubwa. Fundi anataka ya vidogo. Eti tabo inasukuma hewa yenyewe. Vinundu vikubwa huziacha valvu zote wazi kwa pamoja muda mrefu, moshi unarudi ndani kama mgeni aliyesahau kofia, na gari linakosa nguvu kabla tabo haijachangamka. Nilimsikiliza kwa uvumilivu. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja. Mlango mpana, hewa nyingi. Hewa nyingi, nguvu nyingi. Nimechukua ya vikubwa.

Jumatano, 5 Juni

Shemeji kapiga simu. Eti Mwalimu, wewe ndiye msomi wetu, nichukue kemshafti ipi? Mwenyewe kajileta mtegoni! Nikamshauri ya vinundu vidogo. Nikamwagia maelezo yote ya fundi, neno kwa neno, pamoja na mgeni na kofia yake. Kanishukuru mno. Nilipokata simu nilicheka hadi mke wangu akaniletea maji.

Ijumaa, 7 Juni

Gari linanguruma kama simba mwenye kikohozi. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Raha iliyoje!

Kilimani. Mguu chini. Gari likatetemeka, likatafakari, likatetemeka tena. Nikampungia Shemeji mkono, kumruhusu atangulie kidogo. Alikwishatoweka. Kona ya pili, injini ikazima. Baada ya kufika getini alirudi kunichukua, akanifungulia na mlango. Sijawahi kudhalilishwa hivyo!

Jumamosi, 8 Juni

Mjukuu alipendeza. Najua, maana nilikuwa kiti cha nyuma cha gari la Shemeji, nimepakata shela. Ukumbini Shemeji alishika kipaza sauti, akasema sifa zote ni za Mwalimu aliyemchagulia kemshafti. Makofi! Nikasimama, nikainama. Mke wangu akaninong'oneza: kama ulijua, mbona yako hukuichagua hivyo? Nikaona ni wakati wa kuonja keki.

Jumatatu, 10 Juni

Fundi anasema nibadilishe kemshafti. Hajui kusoma dalili. Nimekaa na kalamu na karatasi siku nzima ya jana: kemshafti haina kosa lolote. Tabo ndiyo ndogo! Dukani ipo moja kubwa kama sufuria. Fundi kashika kichwa, kasema nitazeeka nikiisubiri iamke. Nimeagiza hiyo hiyo.

Shemeji kauliza, naye aagize? Nimemwambia asithubutu kugusa kitu. Maskini, kaniamini!