Ushahidi Kwamba Babu Amehama

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimefukuzwa duka la matairi. Sawa tu! Kazi ile haikuwa ya kichwa kama changu. Leo leo nimeanza nyingine: mshauri wa wanaohama. Kadi mia mbili nimeshachapisha. Roman Pikulski, kwa herufi za dhahabu. Dhahabu imetoka rangi ya haradali, lakini inasomeka.

Mteja wa kwanza ni Babu. Babu Stanislaus, miaka sabini na tisa, anauza jengo lake pale barabara ya Broadway, hapa Buffalo. Ametengeneza soseji humo miaka arobaini na moja. Sasa kuna jamaa wanataka kuligeuza vyumba vya kupangisha. Ukiuza ukiwa mkazi wa New York, jimbo linakukata kodi mpaka unaisikia kwenye meno. Florida hakuna kodi ya mapato. Hakuna kabisa! Nimeangalia video kumi na nne tangu juzi, najua ninachosema.

Nikamwambia Babu ahamie Florida kwanza, ndipo auze. Alikuwa anamenya viazi. Akamenya kimoja kizima kabla ya kujibu. Akasema nyumba imekuwa kubwa mno tangu Bibi Irena afe, na theluji ya Buffalo hana tena mgongo wa kuizoa, basi haya, atakwenda. Ila kuna sharti. Akaninyooshea kisu. Kuishi ataishi popote nitakapompeleka, hata katikati ya mamba. Lakini akifa arudishwe alazwe ubavuni kwa Irena. Kiwanja kipo, jiwe lipo, jina lake limeshachongwa, bado mwaka wa kufa tu. "Umenisikia, Romek?"

Nikasema nimekusikia, Babu.

Malipo yangu ni sehemu ya kumi ya kodi tutakayookoa. Tajiri mimi!

Jumatano, 16 Oktoba

Kumbe kuhama si kupanda ndege tu. Wakaguzi wa kodi wana macho! Wanataka kujua moyo wako umeuacha wapi. Daktari wako nani, unasali wapi, mbwa wako analala wapi, picha za ukutani ziko ukuta gani. Babu hana mbwa. Picha anazo.

Nimezishusha zote za Bibi. Za harusi, za ubatizo, za pikiniki za parokia. Nimezifunga kwenye boksi na kuzituma kwa posta kwenye nyumba tuliyopanga Port Charlotte, huko Florida. Boksi lilipokuwa limefungwa nikaona ukuta una alama ya picha moja ambayo sikuishusha mimi. Ile ya Bibi mlangoni pa duka la soseji, amevaa aproni, anacheka. Nikamuuliza Babu. Akasema hajui. Nikamwambia hata moja ikibaki Buffalo ni ushahidi dhidi yetu. Akaitoa mfukoni mwa shati. Nimefungua boksi, nimeiweka, nimefunga tena. Kazi hii inataka roho ngumu.

Shangazi Felicia alikuwepo. Ni binti yake Babu, msaidizi wa mwalimu shule ya msingi, ulimi wembe. Aliniuliza digrii ya kuhamisha wazee wanaitoa wapi siku hizi, kwenye matairi? Nikamjibu nimejisomea. Akasema inaonekana.

Jumamosi, 19 Oktoba

Balaa! Video ya ishirini na mbili inahusu makaburi. Wakaguzi wanaangalia hata hapo! Mtu mwenye kiwanja cha kaburi Buffalo, wanasema huyu hajahama, amesafiri tu, ana mpango wa kurudi. Na Babu ana jiwe zima lenye jina lake! Nikashindwa kumalizia kitafunwa.

Baada ya saa moja nikapata dawa. Tunauza kiwanja. Si kuuza kwelikweli. Kuuza kwa karatasi. Mtu anatushikia mwaka mmoja, wakaguzi wakipita, anaturudishia.

Nani sasa? Shangazi hapana, atapiga kelele mpaka Kanada wasikie. Nikamfikiria Mzee Zygmunt Dudek. Miaka themanini na moja, hajaoa, hana mtoto, anacheza karata na Babu kila Alhamisi kwenye ukumbi wa kanisa, na kila Alhamisi wanaitana wezi. Marafiki wa kufa na kuzikana!

Nimemkuta anakula supu. Nikamweleza. Akaweka kijiko chini. Akauliza ni kiwanja kipi hasa, kile cha mkono wa kulia wa Irena? Nikasema hicho hicho. Akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akaingia chumbani akarudi na noti. Hakuomba hata punguzo! Nikamkumbusha ni kwa mwaka mmoja. Akasema tutaona, kijana wangu, tutaona. Akanifungia na keki ya mbegu za mpopi.

Mzee mpole kupita kiasi. Sijui kwa nini Babu humsema vile.

Alhamisi, 24 Oktoba

Siku ya sahihi. Karatasi kumi na moja! Leseni ya udereva ya Florida, daktari mpya, benki, kadi ya maktaba hata. Ya kaburi nimeiweka ya saba. Si kwa kuficha. Ilitokea tu ikawa ya saba.

Babu akauliza hii nayo ya nini. Nikasema inahusu kuhama. Si uongo. Nikamwambia anaweza kuisoma akitaka. Akasema asome ya nini, aliyesoma ni mimi. Akatia sahihi taratibu, herufi kubwa kubwa, ulimi nje kidogo kama mtoto wa shule.



Jumanne, 29 Oktoba

Mwenye nyumba wa Port Charlotte amepiga simu. Boksi limefika. Lilifika tangu Jumamosi. Liliachwa kibarazani, na mvua imenyesha siku tatu. Anasema picha zimegandana kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Alijaribu kubandua moja, sura ikabaki kwenye nyingine. Atupe au aweke?

Nikamwambia aweke. Ushahidi ni ushahidi.

Babu akaniuliza kama boksi limefika. Nikasema limefika. Si uongo.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu Wote. NILISAHAU! Mpolandi gani anasahau Watakatifu Wote? Mji mzima uko makaburini na mishumaa, na mimi niko ndani ya gari na Babu na Shangazi, taa za glasi nyekundu mapajani, na ndipo nakumbuka. Nikasema tumbo linaniuma, turudi. Shangazi akasema nife huko huko, nimefika pazuri.

Tukamwona tokea njiani. Mzee Dudek. Ameweka kiti cha kukunja juu ya kiwanja cha Babu, blanketi magotini, chupa ya chai pembeni. Ameshamwashia Bibi mshumaa. Mkubwa kuliko wetu.

Babu akamwambia, "Zygmunt, umekalia pangu."

Mzee Dudek akamwambia pake wapi, Staś (ndivyo anavyolifupisha Stanislaus), pake ni Florida sasa, si anahama bwana? Huko jua lipo, atakauka vizuri. Na akatoa karatasi ndani ya koti. Ameitia kwenye plastiki, isilowe.

Babu aliitazama sahihi yake. Makamasi yakamshuka hakuyafuta. Kisha akanitazama mimi. Nilisubiri anitukane. Laiti angenitukana.

Shangazi alinipiga na ua la krisantemamu, pamoja na chungu chake. Akanieleza huku ananipiga. Babu alipokuwa jeshini miaka miwili, aliyecheza dansi ya polka na Bibi kila Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia alikuwa nani? Dudek! Aliyeshanunua pete alikuwa nani? Dudek! Babu akarudi, miezi mitano harusi. Parokia nzima inajua mpaka wanaosafisha vyoo, isipokuwa bwana mshauri!

Mimi nitajuaje? Haikuwemo kwenye video yoyote.

Jumapili, 3 Novemba

Baada ya misa Babu amenipeleka kwa Mzee Dudek. Alitaka tu niwepo.

Akamwahidi bei mara mbili ya ile aliyolipa. Mzee Dudek akakataa. Mara tatu. Akakataa. Babu akasema chukua mashine ya soseji, chukua gari. Mzee Dudek akasema gari lenyewe lina kutu. Wakacheka kidogo wote wawili, nikadhani imekwisha.

Halafu Babu akasema, "Tafadhali, Zygmunt." Sijawahi kumsikia akimwambia neno hilo.

Mzee Dudek akasema Staś alikuwa na Irena miaka hamsini na moja, asubuhi na jioni, kwenye afya na kwenye ugonjwa. Yeye alikuwa naye Jumamosi tu. Hakulalamika. Alikuja kwenye harusi akaleta vodka. Sasa Mungu amempa kitu kimoja, tena kwa mkono wa mjinga, na hakirudishi.

Mjinga ni mimi. Nimeliandika tu kama lilivyosemwa.

Ofisi ya makaburi wanasema safu ile imejaa. Kushoto kwa Bibi amelala dada yake. Nafasi ya karibu iko ng'ambo ya barabara, kwenye bomba la maji, wanapooshea mabeleshi.

Jumatano, 6 Novemba

Barua ya mwanasheria wa wanunuzi. Shangazi ameisoma kwa sauti mezani. Jengo liko New York, kwa hiyo faida yake inatozwa kodi New York, mwenyewe aishi Florida, aishi mwezini. Tena muuzaji akiwa si mkazi wa jimbo, anatakiwa kulipa kabla hati ya mauzo haijaandikishwa. Mkazi angesubiri mpaka mwakani!

Shangazi akaisoma mara ya pili, polepole, kama anavyowasomea watoto wa darasa la kwanza. Kisha akaniuliza sehemu ya kumi ya sifuri ni ngapi, profesa?

Video ishirini na mbili! Hakuna hata moja iliyosema jengo halihamiki!

Babu hakuwa anasikiliza. Akasema basi haendi popote, nimpigie simu yule mtu wa Port Charlotte arudishe picha. Zote si lazima. Hata ile moja ya aproni.

Ilibidi niseme.

Alikaa. Shangazi naye akakaa. Babu akasema, "Romek, nenda nyumbani, mwanangu." Aliniita mwanangu. Akanyanyuka akashuka ghala la chini, na Shangazi akanizuia nisimfuate. Tulisikia anahamisha vitu. Hakuna cha kuhamisha kule chini.

Jumatatu, 11 Novemba

Theluji ya kwanza.

Shangazi anasema Babu halambi hata supu, sahani zinarudi zilivyokwenda. Kila asubuhi anakwenda makaburini anasimama. Mzee Dudek naye anakuja na kiti chake. Hawasalimiani. Karata za Alhamisi zimekufa. Daktari amepima, akasema moyo umechoka, wasimuudhi. Shangazi amenikataza kukanyaga pale.

Nimelia. Kweli, nimelia ndani ya gari. Babu anaondoka kidogo kidogo na hana pa kulala. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimewasha simu.

Na nimepata!

Sisi tumekuwa tunahangaika na kiwanja. Kiwanja cha nini? Babu hataki kiwanja, Babu anamtaka Bibi. Kama hawezi kulala na Bibi Buffalo, basi BIBI AHAMIE FLORIDA! Inawezekana! Watu wanahamishwa kila siku, kuna kampuni, kuna kibali, kuna sanduku maalumu. Port Charlotte wana viwanja viwili pamoja, chini ya msonobari, na ukichukua viwili wanapunguza bei. Mzee Dudek atabaki na jirani wa majani. Na mkaguzi gani duniani atathubutu kusema huyu mzee hajahama, wakati amemhamisha mpaka marehemu mkewe? Jengo ndiyo limetuponyoka, lakini kuna akiba yake benki, kuna nyumba anayoishi. Sehemu ya kumi haijafa!

Nimempigia yule mama wa ofisi ya makaburi. Anataka sahihi ya mume. Moja tu. Aliniuliza kama mimi ndiye yule kijana wa Oktoba. Nikasema hapana, ni binamu yake.

Kumwomba Babu kwa maneno itamuudhi, na daktari amekataza asiudhiwe. Lakini kesho saa nne ana miadi ya macho. Watamtia matone, na kwa muda wa saa mbili nzima hataona herufi. Shangazi yuko kazini. Nimejitolea kumpeleka, na yeye, kwa uchovu, amekubali.

Karatasi ya kumhamisha Bibi iko kwenye koti. Nimechukua kalamu mbili.