Kinywa Kimoja, Viapo Viwili

Alhamisi, 2 Julai 1981

Kikundi changu kimenihama. Wote sita! Kilonzo wa kwaya amewavuta kwa chai na mkate wa siagi wakati wa mazoezi. Mimi niliwapa sanaa. Mkono mtupu haulambwi.

Sijali. Tamthilia yangu ya ndugu wawili wanaogombania shamba ina watu saba, nami nina kofia saba. Nitaicheza peke yangu. Jumamosi Bwana Shee, Afisa wa Utamaduni aliyeletwa kwetu kutoka Lamu, anakuja hapa Tulia kuona mchezo wangu na wa Kilonzo. Mmoja utakwenda Embu kwenye tamasha la mkoa. Jina langu, Mutie, likikosa kwenye fomu yake, basi. Mke wangu Mutindi amesema miaka tisa ya kungoja sanaa ilete unga imetosha. Kaka yake, Jonah, ameshanitafutia kazi ya mizani ya pamba Kwa Vonza. Pamba! Mimi niliyelia jukwaani mpaka chifu akatoa leso.

Ijumaa, 3 Julai

Nimegundua kasoro. Kilonzo ana malaika wanane wenye mabawa ya mashuka. Mimi sina kitu cha kumfanya mtu ashike kiti. Nilifikiri mpaka saa sita mchana, ikanijia: kithitu, kile chombo cha kulia kiapo. Hakuna Mkamba asiyekiogopa. Mwongo akiapa juu yake, siku saba hazipiti, aondoke duniani yeye au mtu wa nyumba yake.

Changu ni cha kuigiza tu. Pembe ya mbuzi kutoka bucha, kamba ya katani, masizi ya sufuria, mafuta ya ng'ombe. Kimetoka kizuri mno. Mutindi alikiona mezani akarudi kinyumenyume mpaka kwa jirani. Nilimwambia ni sanaa. Akajibu kwamba pembe haijui sanaa. Yeye ameokoka, haamini mambo hayo hata kidogo, na hatalala nyumba moja nacho. Nimekipeleka kwenye ghala la mahindi.

Jumamosi, 4 Julai

Malaika wa Kilonzo waliimba. Mmoja alipiga chafya katikati ya habari njema, watu wakapiga makofi hivyo hivyo. Kisha mimi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka ukurasa wa kumi na mbili. Kwa kofia ya kaka mkubwa niliapa kwamba shamba ni langu, nikakigonga kithitu kwa kijiti mara saba. Nikaruka upande wa pili, nikavaa kofia ya mdogo, nikaapa kwamba shamba ni langu mimi, si la yule. Nikaanza kugonga tena. Mara ya nne nikasikia upepo mgongoni. Ulikuwa ukumbi ukitoka. Akina mama kwa mlango, wazee wa kanisa kwa dirisha, tena wazee ndio waliotangulia. Alibaki Bwana Shee peke yake, kwa sababu kwao hawakijui kithitu. Aliniuliza kwa upole kama hayo ndiyo mapumziko.

Ni mtu wa haki. Amesema fomu ina mstari wa watazamaji waliobaki hadi mwisho, naye hawezi kuandika mmoja ikiwa huyo mmoja ni yeye. Amenipa Jumamosi ijayo, ukumbi huo huo. Watu wakija na wakikaa, atanifikiria.

Jumapili, 5 Julai

Benchi zima kanisani peke yangu. Baada ya ibada shemeji Jonah, ambaye ni mzee wa kanisa, alinifuata nje akasimama hatua sita kutoka kwangu kunieleza hali yangu. Kinywa kimoja kimeapa kwamba shamba ni la mkubwa. Kinywa hicho hicho kimeapa kwamba ni la mdogo. Kiapo kimoja lazima ni cha uongo. Kwa hivyo nina mpaka Jumamosi.

Nilimweleza kwamba hakuna shamba, nililibuni. Akasema basi vyote viwili ni vya uongo. Akaniuliza kama ile kazi ya pamba bado naitaka, maana wanatafuta mtu wa kudumu.

Jumatatu, 6 Julai

Syokau wa hoteli aliniletea chai nje, akaiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma. Kikombe akaniambia nikae nacho.

Mutindi ameenda kwa mama yake Kilungu. Anaenda kusalimia tu, amesema. Amebeba kitambaa chake cheusi cha matanga. Nimeumia. Nilitaka kumwomba abaki. Badala yake nilimwambia afunge mlango wa jikoni, kuku wasiingie.

Jumatano, 8 Julai

Kila asubuhi watu husimama kwenye ua kuangalia kama nimeamka. Jumatatu walikuwa wanne. Jana kumi na mmoja. Leo thelathini na wawili, na mama mmoja amekuja na kigoda. Kilonzo alipita kunijulia hali. Akauliza kwa huzuni nyingi kofia zangu nimemwachia nani. Kwaya yake imeanza mazoezi ya nyimbo za mazishi, tayari tayari.

Nilikasirika mpaka saa nne. Saa nne na robo nikapata akili. Siku ya saba ni Jumamosi! Hakuna mtu wa Tulia atakayekosa. Sitakana lolote. Nimezunguka sokoni nimejifunika blanketi, nikikohoa mbele ya kila duka. Kwenye kinu cha unga nilikohoa mara mbili, kwa kuwa kuna foleni.

Ijumaa, 10 Julai

Kikwazo. Mzee Ndululu, anayejua kuondoa viapo vya namna hii, amefika na mbuzi. Mutindi amemtuma mbuzi huyo kwa basi kutoka Kilungu ili nitakaswe kabla ya kesho. Ni mbuzi wake mwenyewe, yule wa maziwa, ambaye hata mimi haniruhusu kumkamua.

Lakini nikitakaswa leo, kesho nani atakuja? Mtu mzima wa afya hana watazamaji. Nilimwomba Mzee tufanye Jumapili. Akasema anayetaka kuiona Jumapili huanza Ijumaa. Nikamwambia mbuzi amechoka na safari. Akanitazama, akaenda zake akitikisa kichwa. Nililia kidogo nyuma ya ghala, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikafanyia mazoezi kilio cha ukurasa wa ishirini.

Jumamosi, 11 Julai

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Watu wa Kwa Vonza walikuja na lori. Walikaa kimya tangu kofia ya kwanza, hata viapo havikuwatoa, maana walitaka kuona mwisho wangu.

Mwishoni kaka mkubwa anaanguka na kufa. Nilianguka. Sijawahi kuanguka vizuri namna ile. Nilipaswa kuhesabu hadi tano, niinuke, niiname. Lakini ukimya ule! Nikajiongezea hadi kumi. Kwenye nane kilio kikatoka nyuma, cha Mutindi, aliyerudi bila kuniambia. Wengine wakampokea. Ndipo Kilonzo akapanda jukwaani akainua mikono, kwaya ikaanza wimbo wa mazishi kwa sauti nne, na ukumbi wote ukaitikia. Hakuna aliyetoka. Ningeinuka vipi? Nilikaa maiti mpaka ubeti wa sita, kwa ajili ya fomu.

Nilipoinuka walikimbia, lakini mchezo ulikuwa umekwisha, kwa hivyo inahesabika. Mutindi peke yake hakukimbia. Alinishika uso kwa mikono miwili, akahakikisha, akanipiga kofi. Kisha akauliza mbuzi wake yuko wapi.

Bwana Shee alikuwa akifuta machozi. Alisema tangu aanze kazi hajaona waigizaji mia tatu waliofunzwa hivyo. Fomu imejazwa kwa wino. Tunakwenda Embu. Mwongozaji: Kilonzo. Mutie: maiti. Nilimwambia mwongozaji ni mimi. Akasema kwa upole kwamba Jumamosi iliyopita, nilipoongoza mimi, aliona watu wakipita dirishani.

Jumapili, 12 Julai

Mutindi amerudi nyumbani kabisa. Kesho saa moja niwe kwenye mizani, amesema, na Embu niombe ruhusa ya siku mbili, zisizidi. Nimekubali yote. Nimemwambia nimejifunza. Akasema haya.

Kilonzo alileta maagizo yake. Nilale, nisipumue sana, nisipate wazo lolote. Sawa. Lakini nimesoma kanuni za tamasha mara mbili, na hakuna mahali zinapokataza maiti kusema. Wangu ataketi kwenye ubeti wa tatu. Atatoa ushuhuda wa dakika arobaini, akiwa yeye, baba yake, chifu na hakimu. Kilonzo hajui. Mutindi hajui. Nahitaji jeneza lenye bawaba. Seremala wa Tulia amekataa kumpima mtu aliye hai, anasema ni mkosi. Kesho pamba ikiisha nitamwona wa Kwa Vonza, nimwambie ni la mjomba wangu, tuna urefu mmoja.