Cheti cha Pombe Isiyokata Mti

Bulugu alishuka baiskeli pale Kaniha akiwa na koo kavu na suruali ya pasi, na kwa mtu wa fani yake huo ulikuwa mtaji wa kutosha. Ndani ya gofu la Wajerumani, Domisiana alikuwa akikanyaga ndizi kwenye mtumbwi wa mbao aliorithi kwa mama yake, akiandaa rubisi, pombe ya ndizi, ya harusi ya bintiye Odeta. Hapakuwa na moto wala kuni. Nchi ilikuwa vitani na kila mkutano wa kijiji ulihimiza kubana matumizi, kwa hiyo Bulugu akaiona riziki yake papo hapo.

Alimpa shikamoo, akaitikiwa, akajitambulisha kuwa mtaalamu wa pombe zisizokata miti. Alisimulia kwa uchungu jinsi miti ya kwao Shinyanga ilivyoishia chini ya mitungi ya pombe ya mtama, na hilo, ajabu, lilikuwa kweli. Wakubwa, alisema, walikuwa wakitafuta kijiji cha mfano. Wakionja madumu manne tu, Domisiana angepata cheti chenye mhuri.

"Nikitoa manne, Jumamosi nitawapa wakwe maji," Domisiana alisema. "Panda unisaidie kukanyaga, tutengeneze nyingine."

Bulugu akakunja suruali ya pasi, akakanyaga mpaka jua likatua. Domisiana alipomwaga unga wa mtama uliokaangwa, ambao ndio chachu yenyewe, mtaalamu aliuliza kama ule ulikuwa uji wa watoto. Mama wa watu alifunika mtumbwi kwa majani ya mgomba, akaenda kulala akitabasamu.

Asubuhi pombe ilikuwa ikichemka yenyewe. Huku kwetu hata mtoto anajua kwamba rubisi inayosafiri huzibwa kwa jani la mgomba, ipate kupumua. Bulugu, ambaye alikuwa ameshampata mnunuzi Biharamulo na hakutaka limwagike tone, alitupa majani na kukaza vifuniko vya madumu yake manne. Mtu mwenye huruma angemwonya. Domisiana alimletea vipande vya mpira wa baiskeli.

"Funga na hivi, baba," alisema. "Barabara ina mashimo."

Jua lilipanda na mashimo yalikuwepo kama alivyoahidiwa. Kwenye kizuizi cha barabarani, kamanda wa mgambo, Ndikuriyo, aliuliza amebeba nini. Bulugu alikuwa bado anachagua uongo wakati dumu la kwanza lilipojibu kwa mshindo.

Mgambo saba waliruka mtaroni wakidhani ni mabomu. Bulugu alilala kifudifudi na kuanza kuungama: hakuwa mtaalamu, cheti hakikuwepo, pombe ilikuwa ya mama wa Kaniha. Dumu la pili lilipolia, alitaja pia mbuzi wa Geita ambaye hakuna aliyemuulizia.

Ndikuriyo alitoka mtaroni akiwa ameloa hadi soksi, akalamba sharubu, akafikiri. Kisha akamrudisha Kaniha chini ya ulinzi na baiskeli yake, akabebe ndizi na kukanyaga mpaka pengo la pombe iliyomwagika lizibwe.

Jumamosi rubisi ilitosha wakwe, majirani na mgambo wote saba. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alisifu sana, akauliza fundi ni nani. Domisiana alimwonyesha mtu aliyekaa pembeni, suruali imekunjwa, miguu imevimba.

"Ni mtaalamu," alisema. "Tumeletewa na mgambo."