Barua ya Mihuri Saba ya Naibu Mkurugenzi Ouyang

Mheshimiwa Katibu wa Wilaya yetu ya Baishuiwan, ambaye hakuweza kufika lakini ametuletea kiti chake, Mheshimiwa Katibu Msaidizi, aliyekuja kukilinda kiti hicho, waheshimiwa wakuu wa idara, manaibu wao na manaibu wa manaibu, walimu wakuu, wazazi wapendwa wenye watoto ng'ambo, wenye watoto waliorudishwa kutoka ng'ambo, na wenye watoto ambao hata sasa wamekwama uwanja wa ndege wakisubiri mataifa mawili yapatane: nawasalimu nyote kwa vyeo vyenu, na asiye na cheo namsalimu kwa subira yake. (Makofi. Mbegu za alizeti zaendelea kutafunwa.)

Mimi, Ouyang Baoshan, Naibu Mkurugenzi wa Elimu, nasimama hapa kwa unyenyekevu uliowahi kunipatia cheti cha mkoa, kutoa taarifa ya utekelezaji wa Mpango Mkakati Shirikishi wa Daraja la Dhahabu, unaowapeleka vijana wetu kusoma katika nchi zote rafiki. Na orodha ya nchi rafiki, ndugu wadau, huwa tunaibandika ukutani Jumatatu na kuibandua Alhamisi. (Mama mmoja, nyuma: "Leo Jumatano, sema upesi!" Kicheko.)

Takwimu hazidanganyi, hasa hizi, maana nimeziandika mwenyewe. Ufanisi umepanda hadi asilimia mia moja na kumi na nne, na hizo kumi na nne za ziada tunazihifadhi kwa ajili ya mwaka mbaya.

Nitoe mfano hai. Yuko hapa binti yetu Miao Suyun, mtoto wa Mzee Miao, muuza tofu ya maharage ya soya wa soko la mashariki. Mwaka jana binti huyu alipata nafasi ya kusomea magonjwa ya mpunga katika nchi moja ambayo siitaji, kwa kuwa tangu asubuhi sijapata maelekezo kama bado ni rafiki. Pasipoti alikuwa nayo, barua ya chuo alikuwa nayo, profesa alikuwa anamsubiri. Alikosa nini? Alinikosa mimi! (Makofi, safu ya mbele tu.) Basi, bila hata kuombwa, nikaandika barua yenye mihuri saba, nikieleza kwamba huyu si mwanafunzi wa kawaida kama anavyoonekana, bali ni jicho na sikio la wilaya, anayekwenda kuchota kila chema kilichoko huko na kutuletea nyumbani. Nikaituma moja kwa moja ubalozini. (Mtu fulani: "Ole wetu!")

Siku ya mahojiano ya viza, vijana wengine waliulizwa maswali dakika mbili. Wetu alihojiwa kwa muda wa saa nne, na maofisa watatu! Wilaya gani nyingine imewahi kupewa heshima hiyo? Kisha wakamnyima. (Mzee Miao, akiinuka: "Mwanangu alilia siku tisa, Mheshimiwa. Mvua ilinyesha kwenye mashamba ya mpunga, yeye hata dirishani hakutazama.") Asante, Mzee Miao, kwa mchango wako, machozi nayo ni kiashiria cha utekelezaji.

Lakini serikali haikati tamaa! Suyun amepata nafasi nyingine, nchi nyingine, na mahojiano ni wiki ijayo. Nami nimeandaa barua mpya, ya mihuri kumi na minne, hii hapa. (Suyun asimama: "Mheshimiwa, iweke tu. Mahojiano yalikuwa wiki iliyopita.") Eti? Baba yako aliniambia wiki ijayo! (Mzee Miao: "Nilikuambia hivyo, ndiyo. Soko zima lilikuambia hivyo. Nisamehe, lakini ningekudanganya tena." Suyun: "Viza ninayo, naondoka Jumapili. Waliniuliza kama kuna mkubwa yeyote anayenifahamu. Nikasema hakuna." Ukumbi wote wasimama na kushangilia; mama mmoja amkumbatia Suyun huku akilia.)

Tulieni! Ketini! Mnaona wenyewe, wadau: Mpango wetu umefaulu hata kabla barua haijatumwa! Daraja la Dhahabu! (Sauti: "Liko wapi?") Elimu bila mipaka! (Sauti: "Mipaka ni wewe!")

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wanufaika wetu mia mbili na sita, ambao majina yao tutayajaza pindi wakijitokeza. Nawashukuru wazazi waliolipa wenyewe ada na tiketi bila kuisumbua ofisi. Namshukuru mchoraji aliyetuchorea ofisi hiyo. Na kwa namna ya pekee nakushukuru wewe, binti Suyun, kwa kuwa, tangu Mpango huu uanze kutajwa, wewe ndiwe mwanafunzi pekee tuliyewahi kumfikia, na umetuponyoka. (Hakuna makofi. Ukumbi umebaki na kiti cha Katibu. Watu wako nje wakimsindikiza Suyun.)